Tupeane uzoefu: Ulishawahi kusimama mbele ya bendi ya jazz ya zamani ikipiga laivu?

Mnyamwezi wa Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nimekaa zangu barazani hapa Tabora na kahawa, jirani kafungulia redio, ikapigwa Rangi ya Chungwa ya Nyanyembe Jazz, basi kichwa kikarudi nyuma miaka thelathini na ushee. Hizi nyimbo kwenye simu ninazo, kwenye flashi ninazo, ila kila nikizisikiliza kuna kitu nakikosa na nakijua ni nini maana nilishakiona kwa macho yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, ukumbi mmoja wa hapa mjini (jina naliacha, mwenye ukumbi alikuwa na mambo yake). Wazee wa dansi wamekuja kupiga, kiingilio nimemkopa kaka. Saa sita usiku watu wamekolea, wimbo umetoka kwenye kuimba umeingia kwenye chemko (ile sehemu ya vyombo na kucheza), hapo hapo umeme ukakatika. Giza totoro. Magita kimya, kinanda kimya, maiki zimekufa, kilichobaki ni tumba na drams. Nikajua ndo tumeshaagana. Wapi! Yule wa tumba hata hakuyumba, waimbaji wakashuka jukwaani wakaja kuimba katikati yetu kwa makoo yao, ukumbi mzima ukapokea kiitikio. Muuza karanga wa mlangoni akaingia na koroboi yake, na kwa ule mwanga nikaona kitu nasimulia mpaka leo. Mpiga solo hajaweka gita chini. Kainama, sikio kalilaza juu ya ubao wa gita, vidole vinatembea, yani gita lisilo na umeme halisikiki na mtu yeyote pale isipokuwa yeye. Nikasema huyu kalewa nini.

Umeme ulivyorudi, kama dakika kumi hivi, spika zikapiga ule mlio wa "pa!" na solo likaingia palepale tulipo, sio pale tulipoachwa. Si mnajua watu wakiimba bila chombo sauti inapanda wenyewe hawana habari? Sisi tulishapanda, na yule bwana alikuwa anatufuata gizani muda wote. Walioelewa walipiga kelele mpaka bati likalia, mimi nilielewa kesho yake nilipoelezwa na mtu anayejua gita.

Haya, nyie mlikutana na nini?

Mgebuka Mkavu

Mkuu stori nzuri ila hiyo si jazz. Jazz ni ya Wamarekani, saksafoni na suti. Hizo zenu ni rumba na cha cha.

Mnyamwezi wa Isevya

Mkuu sibishani na wewe kwenye aina ya muziki, wazee walizinyonya sahani za GV, zile santuri za muziki wa Kuba, mpaka zikachubuka, hilo linajulikana. Ila jina walishalichukua hawalirudishi. Hapa Tabora peke yake hesabu: Kiko Kids Jazz, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Huko kwenu Kigoma kulikuwa na Lake Tanganyika Jazz, na ndo alikoanzia Shem Karenga kabla hajaja huku Tabora Jazz kutupa wimbo wa Dada Asha na mtindo wa segere matata. Mzee wa watu alitutoka 2014. Kwaiyo kwa sisi wa huku jazz ni bendi, ukisema "leo kuna jazz" mama anajua ufungue kabati utoe suruali.

Bint Mwanga

Shikamooni wakubwa. Mimi yangu ni ya kuchekesha kidogo. Nimekulia Mwanga, Kigoma, baba alikuwa mkali hataki kusikia habari ya dansi kwa mtoto wa kike, ila nyumba yetu imetazamana ubavu na ukumbi, dirisha la jikoni linaangalia ukuta wao. Kwaiyo bendi zote zilizopita nilizisikiliza nikiwa naosha masufuria ya mawese, ambayo kama unayajua mawese unajua hayatoki leo wala kesho, na mimi nilikuwa siyaharakishi.

Sijawahi kuona sura ya mtu hata mmoja lakini nilikuwa nawajua wote. Kulikuwa na mpiga besi mmoja, huyo ndo aliniharibu akili. Redioni besi lilikuwa halisikiki vizuri, karedio ketu kalikuwa kadogo, lakini pale ukutani besi ndo linapita kuliko vyote, gita linabaki ndani besi linakufuata jikoni. Masufuria yalikuwa yanatetemeka kwenye kichanja. Nikajijengea kichwani kwamba huyu ni mtu mrefu, mnene, ana ndevu.

Siku baba kasafiri na treni kwenda Tabora, shangazi akanichukua. Nikasogea mpaka mbele. Mpiga besi kajitu kafupi kembamba kamekaa juu ya kreti la soda, hakatingishiki, kamefumba macho, mguu mmoja tu unagonga sakafu na kiatu kimetoboka mbele kidole kinaonekana. Nilicheka mpaka shangazi akanifinya. Halafu chemko likaanza na kile kidole kikaanza kwenda kwenye kiatu, jamani sikuangalia kitu kingine usiku ule. Sijui nyimbo zilizopigwa, nakijua kidole.

Kijana wa Katubuka

Mimi mwaka jana nilimpeleka mzee wangu kwenye bendi ya hivyo, nikasinzia. Nyimbo moja robo saa, wanarudia rudia. Samahanini wazee ila nadhani mnapenda ujana wenu, sio bendi.

Tumba Mstaafu

Kijana hujakosea sana, uliisikiliza umekaa. Ile si ya kukaa.

Nimepiga tumba miaka mingi, Tabora, Kigoma, Mpanda, na treni tumelala sana humo na vyombo tumevilalia. Nikuambie kwa nini wimbo mmoja robo saa. Sehemu ya kwanza ya wimbo ni ya maneno, mnasikiliza kisa. Ikiisha inakuja chemko, na chemko halina kipimo. Kiongozi wa bendi haangalii saa anaangalia uwanja. Watu wakijaa anatuzungushia kidole, maana yake endelea, na mtu wa solo akiona kuna mama mmoja pale kati anacheza vizuri anampigia yeye, anamfuata kiuno, mama akipunguza na gita linapunguza, mama akiongeza ole wako wewe mwenye tumba. Uwanja ukipwaya tunafunga dakika ya sita. Kwaiyo wimbo mlioujua redioni ni kipande tu, maana kule RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) tulikuwa tunakaa wote chumba kimoja tunapiga kwa pamoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mmoja akikosea tunaanza upya wote, na lazima iwe fupi. Mtu anapiga kwa hadhari. Ukumbini hakuna hadhari, ukikosea unalibeba kosa unaliingiza kwenye wimbo, unalirudia mara mbili watu waone ulikusudia.

Kitu kingine hamkijui, tumba ni ngozi. Tabora pakavu ngozi inakaza yenyewe. Ukishuka Kigoma usiku upepo wa ziwa ukianza kuja, ngozi inalegea, ukipiga inasema "bwe" badala ya "ti". Mimi nilikuwa natembea na jiko la mkaa, nimeliweka nyuma ya jukwaa, katikati ya nyimbo mbili nawahi naizungusha tumba juu ya moto naipimia kwa kidole. Siku moja Ujiji nimenogewa na stori za mtu nikaichelewesha, ikapasuka katikati ya wimbo kama bunduki. Nikamalizia kwenye kreti. Watu walipenda kreti kuliko tumba, wakanituza noti zikajaa kwenye paji la uso, na mwenye ukumbi kwenye malipo akasema bendi ilikuwa pungufu chombo kimoja akakata hela. Hilo sijasamehe.

Ticha Gungu

Mzee Tumba umenichekesha, nafundisha huku Gungu na mtoto wa jirani ananiangalia nacheka peke yangu.

Mgebuka, nakuletea hao Wamarekani wako. Kuna bwana anaitwa Keith Jarrett, mpiga piano. Tarehe 24 Januari 1975 alikwenda kupiga Köln, Ujerumani, kwenye jumba la opera, watu kama 1,400. Kafika hajalala, mgongo unamuuma, anakuta piano waliyomletea siyo aliyoagiza, ni ndogo, haijakaa sawa, sauti za juu nyembamba kama bati, za chini hazina nguvu, pedali nazo zinasumbua. Akakataa kupiga. Binti aliyeandaa shughuli nzima, hata ishirini hajafika, akambembeleza mpaka akakubali, tena usiku sana. Kwa vile piano pembeni mbovu, bwana yule akabaki katikati, mkono wa kushoto ukawa unarudia rudia kitu kimoja ili kuziba pengo la besi, na karibu vyote alivitoa kichwani palepale. Ile rekodi ni kati ya rekodi za piano zilizouzwa sana duniani. Nikiisikiliza usiku TANESCO wakiwa wamefanya yao nasikia hadi akiguna na kugonga mguu, nahisi kabisa namuona anatafuta njia ya kutokea.

Sasa wewe niambie huyo na yule wa kreti la Ujiji wametofautiana nini zaidi ya hela waliyolipwa.

Mgebuka Mkavu

Ticha umenipiga. Nakubali nusu. Nusu nyingine bado, suti wanavaa vizuri wale.

Kijana wa Katubuka

Mzee Tumba shikamoo. Nimesoma hiyo ya ngozi na moto mara mbili. Siku mkipiga tena niambieni nitasimama, ila nyimbo mbili tu nikichoka naondoka.

Tumba Mstaafu

Marahaba. Hatupigi tena kijana, tumebaki watatu na mmoja haoni.

Bint Mwanga

Baba mzee, samahani nauliza tu. Mpiga besi wenu wa enzi hizo alikuwa mfupi? Anakaa kwenye kreti?

Tumba Mstaafu

Hilo kreti nililopiga siku ile unafikiri nililitoa wapi? Nilimnyang'anya yeye, akamalizia wimbo amesimama, alininunia mpaka tunafika stesheni.

Bint Mwanga

Jamani!!

Mnyamwezi wa Isevya

Nyie watu mmenifanya kahawa ipoe. Mzee Tumba kaseti yoyote ya siku zile unayo?

Tumba Mstaafu

Kaseti ninayo moja, tuliirekodi ukumbini na redio ya mtu, mwanzo mpaka katikati inasikika mtoto analia. Redio kaseti ndo iliyokufa. Mwenye nayo nzima hapa Tabora aseme, nije na kaseti na mkaa.