War Thunder naanza juzi tu, kila nikipaa natunguliwa. Naombeni msaada

Mgeni wa Nkuhungu
Wakuu habari za jioni, na mbukwenyi kwa watu wa nyumbani. Niko Dodoma hapa Nkuhungu, juzi kati nilimkuta mshkaji wangu wa UDOM anacheza War Thunder (gemu la vita vya ndege la mtandaoni) hosteli nikasema hii ndo yangu, nikaipakua kwenye laptopu. Sasa nikipaa tu nikamwona adui namgeukia, tunazunguka weee, mara huyooo kapanda juu, namfuata, pua inaangalia mbinguni, spidi inakata, ndege inatetemeka inaanza kudondoka yenyewe, hapo hapo anageuka ananimaliza. Kila mechi hivyo hivyo. Natumia ndege ya Hurricane ya Muingereza, modi ya Realistic (ile ya kati, kati ya Arcade rahisi na Simulator ngumu), mausi na kibodi basi. Vita karibu vyote vinanikuta niko mita 700 au 800. Hii ni pingi (mtandao kuchelewa), ndege mbovu, au nitafute joistiki (ile fimbo ya kurushia)? Msinicheke sana.

Kamanda Kisasa
Pole mkuu. Joistiki achana nayo kwanza, hiyo hela weka bando. Kwenye Arcade na Realistic mausi ndo mwenyewe, unapeleka duara unakotaka na ndege inafuata, mtu wa joistiki anahangaika kukulenga wewe ushampiga. Ukija kuhamia Simulator ndo utaitafuta, kule unakaa ndani kwa rubani tu na ule msaada wa mausi haupo.

Ila hiyo mita 700 ndo ugonjwa wako. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, yaani hapo kwenye kiti chako Nkuhungu uko juu kuliko ndege yako 😂😂

Sikiliza. Kimo ni spidi uliyoiweka pembeni, ni kama baiskeli ukiwa nayo juu ya mlima Mlimwa, ukiachia tu inakimbia yenyewe, ukiwa bondeni unapiga pedeli mpaka ulimi nje. Huyo anayekuacha umening'inia nahisi ni Messerschmitt 109, ndege ya Mjerumani. Kwenye kona Hurricane inambana, na yeye analijua hilo, ndo maana hakubali kuzunguka na wewe, anakuja na moto wake anapiga anapanda zake, na kupanda anakuzidi. Wewe ukimfuata unakuwa umemsaidia kazi.

Kwa hiyo ukishapaa usikimbilie katikati na wenzako. Vuta pembeni, panda taratibu, pua usiinyanyue mpaka spidi ikashuka chini ya kilomita 250 kwa saa hivi, ukifika mita 3,000 ndo unarudi uwanjani. Utawakuta wote wako chini wanazungukana na hamna anayeangalia juu. Chagua mmoja ambaye yuko bize na mtu mwingine, shuka nyuma yake, piga kidogo, umpate umkose panda tena. USIGEUKE NAYE. Hapa ndo wageni wote wanakufia, mtu kamkosa kidogo tu roho inamuuma anakaza kona, spidi yote inaishia hapo, na nyuma yake kuna mtu mwingine anashuka.

Chizi wa Ndege
Napingana kidogo na Kamanda. Mgeni aanze Arcade, kule kuna kile kialama kinakuonyesha pa kupiga mbele ya adui, risasi zinajijaza ukiwa hewani, hamna presha. Huku Realistic zikiisha mpaka urudi kutua uwanjani na kutua kwenyewe hajui.

Kamanda Kisasa
Arcade inaharibu mtu mkuu. Anazoea kile kialama, akija huku hakipo anakuwa kama kipofu. Kutua ajifunze kwenye ndege ya majaribio, pale hangani (kabla hujaingia mechi) unachagua ndege yako unairusha peke yako hakuna wa kukusumbua, akae humo jioni nzima apae atue apae atue.

Dada Singida
Hakuna aliyemjibu swali la pingi jamani 😅 Mdogo wangu, chagua seva ya Ulaya peke yake, usiache na ya Marekani imewekewa tiki. Pingi itakuwa kubwa tu huku kwetu na unaizoea, cha kuangalia ni yale maandishi madogo ya PL pembeni ya pingi, hizo ni data zinazopotea njiani. PL ikikaa sifuri cheza, ikianza kupanda ndo utaona adui anarukaruka hewani na risasi zako hazihesabiwi, hapo zima laptopu ukalale. Mimi simu nikiiweka dirishani hotspoti inatulia, nikiiweka kitandani vurugu. Na apudeti zake ni nzito, subiri bando la usiku, ikikatika katikati inaendelea ilipoishia.

Mzee wa Kizota
Vijana shikamooni kwa kujibu maswali ya watu (najua mnapaswa kuniamkia mimi). Anachosema Kamanda si cha kwenye gemu tu. Mwaka 1916 rubani Mjerumani Oswald Boelcke aliandika kanuni nane za kupigana angani: jipatie nafasi nzuri kabla hujashambulia, jua liwe mgongoni kwako, usipige mpaka uwe karibu, ukishaanza maliza. Mwaka huo huo alikufa kwa kugongana hewani na mwenzake wa kikosi kimoja wakimfukuza adui mmoja. Kwa hiyo kijana ukiona mwenzako kashamshika adui mkia, mwachie!

Halafu kwenye vita vya 1940 Hurricane halisi ilikuwa na kabureta, rubani akisukuma pua chini ghafla mafuta hayafiki na injini inakata kwa muda. Ya 109 ilikuwa inapuliziwa mafuta moja kwa moja, kwa hiyo Mjerumani akibanwa anasukuma pua chini anaondoka. Waingereza ilibidi wageuze ndege tumbo juu kwanza ndo wavute washuke. Fanya hivyo na wewe ukitaka kushuka haraka.

Mgeni wa Nkuhungu
Shikamoo mzee 🙏 Asanteni wote, jana usiku nimepanda mpaka 3,000 kama nilivyoelekezwa na ni kweli wote wako chini wanahangaika, aisee raha! Sasa nashuka vizuri kabisa, namweka mtu katikati ya duara, namwaga risasi zote zinapita nyuma ya mkia wake. Tatizo nini?

Kamanda Kisasa
Unampiga alipo badala ya anapokwenda. Akikata kona weka duara mbele ya pua yake, risasi imkute huko. Alafu Hurricane bunduki zake ziko kwenye mabawa, zinakutana sehemu moja tu mbele, nenda hangani kwenye mpangilio wa silaha weka mita 300, ile ya kusahihisha wima (ya kurekebisha risasi juu-chini) izime. Ukiwa mita 600 usiguse kitufe, subiri bawa lake lijae kwenye skrini. Hizo bunduki ni ndogondogo, ukipiga mbali unamkwaruza rangi tu.

Dada Singida
Jumamosi saa nne usiku mimi na Chizi tunaingia, tuma jina lako la kwenye gemu inboksi tukuunge kikosini. Na uje na eafoni, hatuchati huku tunapigwa.

Mgeni wa Nkuhungu
Saa nne usiku au saa nne ya Ulaya?

Chizi wa Ndege
Ya Dodoma bana, Ulaya nani anaijua 😂