Takwimu za watoro jeshini: acheni kulinganisha vita kwa namba zisizohesabu kitu kimoja

Wakuu, hili limenichosha. Kila mjadala wa vita za Marekani ukianza, anatokea mtu na namba mbili: Vita ya Pili ya Dunia walitoroka askari 21,000, Vietnam 500,000. Hukumu inafuata papo hapo, kwamba mababu walikuwa majasiri na wajukuu ni waoga. Watu wanashangilia, mjadala unafungwa.

Huo ni upotoshaji, na anayeurudia baada ya kuelezwa anajua anachofanya.

Hao 21,000 ni waliotiwa hatiani na mahakama za kijeshi. Zile 500,000 wala si idadi ya watu. Ni matukio ya kati ya 1966 na 1973, ya askari kutoonekana kituoni kwa siku 30 au zaidi, jeshi zima, popote duniani alipokuwa. Aliyeondoka, akarudi, akaondoka tena, kahesabiwa mara mbili. Na wengi walirudi. Kisheria, ili mtu atiwe hatiani kwa utoro, lazima ithibitike nia, kwa mfano kwamba alikusudia kutorudi kabisa au kukwepa kazi ya hatari. Siku 30 ni kigezo cha karani wa daftari la kikosi. Sasa unawekaje hukumu za mahakama upande mmoja, na madaftari ya makarani upande wa pili, halafu useme umelinganisha ujasiri?

Tumia kipimo kimoja uone. Jeshi la nchi kavu, 1944: watoro kama 63 kwa kila askari 1,000. Mwaka 1971: 73.5. Tofauti ipo, sikatai, lakini si ile ya kutisha mnayotangaza. Na mwaka 1966 ilikuwa 14.9. Vita ni ileile, Vietnam! Mnazungumzia mwaka upi?

Wengine wanachukua hizo 500,000 wanazigawa kwa askari milioni 2.7 hivi waliopelekwa Vietnam, wanatangaza kwamba karibu mmoja kati ya watano alikimbia vita. Wakati sehemu kubwa ya utoro huo ulitokea mbali kabisa na uwanja wa mapambano, nyingi kwenye kambi za Marekani kwenyewe.

Iraq nako ni yaleyale. Mwaka wa fedha 2007 jeshi la nchi kavu liliandika watoro 4,698, habari zikasema ongezeko la asilimia 80 tangu uvamizi wa 2003. Mbona hamsemi kwamba 2001, kabla ya Iraq, walikuwa tayari zaidi ya 4,000? Tena hawa walijiunga kwa hiari; kuandikisha watu kwa lazima kulikoma 1973.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kuwageuza waliouawa na majeshi yao wenyewe kwa hukumu ya utoro kuwa kipimo. Vita ya Kwanza, Uingereza iliwapiga risasi askari wake 266 kwa utoro, Ujerumani 18. Vita ya Pili Ujerumani hiyohiyo iliua maelfu. Hapo kilichobadilika ni ukali wa mahakama, na hao 266 walisamehewa na nchi yao mwaka 2006. Leo mnawafufua muwaite ushahidi wa woga?

Wewe unayebandika 21,000 na 500,000 kila wiki, jibu hapa hapa: unahesabu watu, matukio au hukumu? Na umegawa kwa askari wangapi?