Kijana anaokoka kila mkutano wa injili: tunakosea wapi?

Mlezi wa Vijana, Moshi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada kwa wanaoijua kazi ya kulea waongofu. Usharikani kwetu hapa Moshi mjini kuna vijana, wengi bodaboda na wauza mitumba wa soko la Memorial, ambao kila mkutano wa injili ukija wanapita mbele, wanaongozwa sala ya toba na wanalia machozi ya kweli. Miezi miwili haijaisha, wamerudi walikotoka. Mkutano mwingine ukija wanapita tena. Hawaigizi, na ndiyo maana linaniuma.

Je, hawa wameokoka au bado? Kuyatoa maisha kwa Mungu kunafanyikaje kwa vitendo, ukiacha kutamka tu "Bwana, nakupa maisha yangu"? Halafu wapo wanaoambiwa kwamba kinachowarudisha nyuma ni ubatizo wa utotoni, kwa hiyo wabatizwe upya. Na Desemba ndiyo hiyo inakuja, watapanda nyumbani Kibosho, Marangu na Rombo, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na matambiko ya ukoo. Naombeni majibu ya vitendo.

Mwinjilisti wa Ngarenaro

Amina mtumishi. Nianze na swali lako la kwanza, maana hapo pakipinda na mengine yatapinda.

Usilijibu kwa jumla. Mkalishe kijana mmoja mmoja mahali patulivu, saa nzima, wenzake wasiwepo. Mwambie akueleze kwa maneno yake mwenyewe Yesu alifanya nini msalabani, na jambo hilo linamhusu vipi yeye. Usimdokezee jibu. Kisha muulize ni kitu gani kilimwinua mara ya mwisho alipopita mbele. Wengi watasema: nimeacha pombe, nitajitahidi, safari hii nimeamua. Mwanzo hadi mwisho mtendaji ni yeye. Kijana wa namna hiyo ametoa ahadi, naye anaamini ahadi yake ndiyo inayomwokoa. Siku akiivunja, kwa hesabu yake wokovu nao umekwisha, basi anangoja mkutano mwingine aanze upya. Mwingine atakuambia mhubiri alisema milango ya kazi itafunguka. Kazi isipopatikana, anahitimisha kwamba Mungu hakumpokea.

Wote hao dawa yao moja: waoneshwe upendo wa Mungu kabla ya kudaiwa chochote. Soma nao Luka 15:11-24 polepole, mstari kwa mstari. Mwana mpotevu amepanga hotuba yenye sehemu tatu (mstari wa 18 na 19): nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Ukifika mstari wa 21, mwulize kijana ni maneno gani hayapo. Ya utumishi hayapo. Baba amekwisha kumkumbatia na kumbusu, na kabla mwana hajafika kwenye kuomba kibarua, anaagiziwa joho, pete na viatu. Kijana akigundua hilo mwenyewe, mara nyingi hunyamaza kwa muda. Mwache anyamaze, usijaze maneno.

Halafu nenda Warumi 5:8, Kristo alikufa tungali wenye dhambi. Na uutazame mpangilio wa Warumi yenyewe. Kwa sura 11 za kwanza Paulo anaeleza dhambi, neema, imani na huruma ya Mungu. Sura ya 12 ndipo anawasihi waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai, na anawasihi kwa huruma hizo hizo. Mikutano mingi humdai mtu sura ya 12 kabla hajazisikia zile 11. Anajitoa kwa Mungu asiyemjua, na mtu hawezi kukaa muda mrefu mikononi mwa asiyemjua.

Sala ya toba siipingi. Ni kinywa kukiri kile moyo unachoamini, kama Warumi 10:9-10 inavyosema. Pale moyo haujaambiwa ni nini cha kuamini, kinywa hakina cha kukiri.

Shemasi Sakina

Nakubaliana na mwinjilisti. Mimi nichukue vitendo.

Fuatilia kabla siku mbili hazijapita. Kadi aliyojaza uwanjani ina jina, simu na mtaa. Kadi ikikaa kabatini wiki mbili, kijana ameshajijibu kwamba hakuna aliyemjali. Mpe mtu mmoja wa kutembea naye, wa jinsia yake, mwenye ratiba inayofanana na yake. Bodaboda hawezi kulelewa na mtu anayepatikana saa 4 asubuhi ofisini tu. Waonane mara mbili kwa wiki, hata dakika 20 kijiweni.

Usomaji uwe Injili ya Yohana, yenye sura 21, sura moja kwa siku. Wiki tatu imekwisha. Asome kabla hajawasha pikipiki, saa 11 na nusu alfajiri. Kwenye daftari aandike mambo mawili tu: leo nimemwona Mungu ni wa namna gani, na leo nitatii nini. Ukimwongezea kufunga siku tatu, mkesha wa Ijumaa na kwaya ndani ya wiki ya kwanza, atachoka na atadhani amemchoka Mungu. Baada ya Yohana apewe waraka wa 1 Yohana, sura tano. Hapo 5:13 atakuta umeandikwa kusudi waaminio wajue kwamba wanao uzima wa milele. Wajue, mtumishi. Mungu hapendi watoto wake waishi kwa kukisia.

Sasa kujitoa. "Maisha yangu yote" ni kitu kikubwa mno kushikika, kwa hiyo kigawe. Chukua ukurasa mmoja, aandike: pesa, mwili, simu, marafiki, kazi, wazazi. Chini ya kila neno aandike kile anachokijua tayari kwamba si cha Mungu. Usimtajie wewe. Kisha achague mambo mawili au matatu, si zaidi, na kila moja aliwekee siku na mtu wa kumwuliza. "Nitaacha uzinzi" ni maneno tu. "Jumatano nahama chumba tunachoishi na fulani, nahamia kwa kaka yangu Majengo, na kodi ya mwezi huu nimwachie huyo fulani" ni kujitoa. Anayeandika mambo 12 siku ya kwanza huanguka la tatu, akatupa ukurasa mzima.

Kuhusu pesa, mfundishe kurudisha. Zakayo (Luka 19) aliahidi mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Torati katika Walawi 6:5 ilidai mali yenyewe na sehemu ya tano juu yake. Ukiifuata hiyo, aliyekula 200,000 za kikoba anarudisha 240,000. Mweleze wazi kwamba hanunui msamaha: Yesu alitangulia kujialika nyumbani kwa Zakayo, ndipo Zakayo akaahidi. Asiye na fedha aende kwa mwenye mali yeye mwenyewe, aseme, waandikishane hata 10,000 kwa wiki. Asitume meseji. Ndugu wa Uamsho, ule ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaingia Uganda na Bukoba, walijulikana kwa kurudisha vya watu, na majirani wasiofika kanisani waliuona wokovu kwa jambo hilo.

Kukiri kuna mipaka yake. Dhambi ya siri dhidi ya Mungu ikiriwe kwa Mungu na kwa yule mlezi; iliyomuumiza mtu ikiriwe kwake; ya hadharani ndiyo iletwe hadharani. Msimpe kijana kipaza sauti ataje uzinzi wake, maana amemtaja na binti wa watu. Na akikiri kumdhuru mtoto au jinai nyingine nzito, msiifunike kwa maombi. Mtoto alindwe kwanza, taarifa ifike polisi au ustawi wa jamii, na mlezi aende naye.

Nisisitize la afya, kwa sababu hapa watu hufa. Aliyekunywa gongo au konyagi kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na hata kupata degedege, hasa siku tatu za mwanzo. Wengi huona ni pepo wakaanza kukemea. Mwombeeni mkiwa njiani kumpeleka hospitali ya Mawenzi au KCMC, au Mount Meru kwa walio Arusha. Hali hiyo inatibika. Vivyo hivyo dawa za virusi vya Ukimwi, kifafa, sukari na presha. Kuyatoa maisha kwa Mungu hakumwambii mtu aache dawa. Atakayeziacha kwa ushauri wenu, damu yake mtaulizwa ninyi.

Mwalimu wa Kipaimara

La ubatizo kwa ufupi, nikijua ndugu zetu Wapentekoste humu watatofautiana nami.

Huku mlimani Kilimanjaro watu wamebatiza watoto wachanga tangu siku za mwanzo za misheni. Wakatoliki walikuwa Kilema, na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. KKKT, kanisa letu la Kilutheri, haimbatizi tena aliyekwisha kubatizwa kwa maji katika jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa sababu tunaamini anayetenda katika ubatizo ni Mungu, na ahadi yake haikuharibika mtu alipoharibika. Kijana asiambiwe ubatizo wake ulikuwa bure, aambiwe aurudie kwa imani. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inasema Adamu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya ainuke kila siku. Msisitizo ni kila siku, wala si mkutano kwa mkutano.

Mpentekoste Kijenge

Mwalimu, natofautiana nawe kwa heshima. Sisi tunamzamisha anayeamini, kwa kuwa katika Matendo 8 na 16 tunamwona towashi na mlinzi wa gereza wakisikia na kuamini, ndipo wakabatizwa. Ila kwa shida aliyoileta mlezi tuko upande mmoja. Maji mengi hayamtibu kijana anayedhani anajiokoa mwenyewe. Atazamishwe mara tatu, bado atarudi. Asikimbilie kisima kwa hofu. Kwanza aielewe injili, kisha akae na wazazi na wachungaji wake, aamue kwa dhamiri iliyofundishwa. Na makanisa tusimgombanie mtoto mchanga wa kiroho.

Mlezi wa Vijana, Moshi

Mbarikiwe sana, naandika yote. Bado la Desemba. Yupo mmoja ambaye baba yake mkubwa amesema asipokwenda kwenye tambiko asihesabiwe tena kwenye ukoo.

Mzee wa Kibosho

Mwanangu, huyo kijana aende. Asipokwenda watasema wokovu umemfundisha kuwachukia wazee, na hapo amevunja amri ya kuwaheshimu baba na mama.

Asingoje kusema siku yenyewe mbele ya watu, kwa sababu mkubwa akipingwa hadharani hawezi kulegeza. Apande wiki mbili kabla, au apige simu kama yuko mbali, na azungumze na huyo mzee peke yake, kwa heshima zote: "Shikamoo baba. Nitakuja. Mchango wa mbuzi nitatoa, kuni nitapasua, makaburi nitafyekea. Pale pa kumwaga mbege na kuwaomba waliotangulia, naomba nisimame pembeni, kwa sababu nimejikabidhi kwa Kristo na yeye ndiye ninayemwomba." Kukataa kwake kuwe kwenye jambo hilo moja. Wanaokosea hukataa kila kitu, hata kula na ndugu zao.

Mchango autaje kuwa ni wa chakula cha familia. Nyama, Paulo amelipanga katika 1 Wakorintho 10:25-28: kula kilichowekwa mbele yako bila kuhoji, ila ukiambiwa hiki kimetolewa sadaka, kiache kwa ajili ya yule aliyekuambia. Kwa hiyo sehemu iliyotengwa kwa ajili ya mizimu asiiguse; ya jikoni ale. Mbege, kama pombe ndiyo iliyokuwa ikimwangusha, asionje hata kata ikipitishwa kwa heshima. Mama au dada amwandalie togwa mapema ili mkono wake usiwe mtupu wakati wengine wanakunywa.

Kama ana ugomvi na huyo baba mkubwa, apeleke jani la isale, kama desturi yetu ilivyo ya kuomba msamaha. Haliombwi wala haliabudiwi, na mzee wa Kichaga anajua kabisa limekuja kusema nini. Amwombe pia nafasi ya ibada fupi ya familia asubuhi, wimbo mmoja, somo na maombi. Koo nyingi hukubali, maana wengi wao ni Wakristo waliobatizwa.

Akitengwa hata hivyo, ninyi usharikani muwe tayari kumpa pa kula Krismasi. Msimwambie asimame imara kisha mkamwacha peke yake chumbani Majengo.

Mwinjilisti wa Ngarenaro

Mzee, Mungu akutunze. Niongeze moja tu kuhusu kuanguka, kwa sababu wataanguka.

Waambie mapema, wakiwa bado wazima: ukianguka usingoje mkutano. Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, ziungame dhambi zako kwa ahadi ya msamaha ya 1 Yohana 1:9, kisha simu kwa mlezi wako. Anayengoja miezi mitatu ili atubu jukwaani anakaa miezi mitatu mbali na Baba bila sababu. Siku ya 21 ya usomaji wao watamkuta Petro, aliyekana mara tatu, ameketi na Yesu kando ya moto wa makaa. Hakuongozwa sala mpya. Aliulizwa mara tatu kama anampenda, na kila mara akapewa kondoo wa kulisha. Siku hiyo msome pamoja, wote kwa mara moja.

Na mkutano ujao ukija, usiwazuie kupita mbele, maana huwezi kujua Roho anasema nini na mtu. Ila wape kazi ya kupokea wengine. Aliyekwisha kuimaliza Yohana ashike kadi na kalamu, asimame na bodaboda mwenzake anayelia, amwandike jina, simu na mtaa, na Jumatatu alfajiri amfuate kijiweni kwake.