Mapango ya tangi la samaki: chungu, kifuu, saruji au mawe ya volkano?

Sakina_Kwetu: Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la lita 120 hapa Arusha, ndani mna mbuna sita, wale wa Ziwa Nyasa. Dume mmoja kawatawala wote. Kuna jike anashinda nyuma ya chujio, mapezi yamechanika. Nataka kuwatengenezea mapango mwenyewe. Nianze na kipi?

MamaNazi_Moshi: Kifuu, mdogo wangu. Kichemshe, badilisha maji mpaka yaache rangi ya chai, kata mlango, piga msasa. Ukishakuna nazi, unacho.

Fundi_Tangi: Kwa mbuna hapana, mama. Kifuu huachia tindikali kidogo na mwishowe huoza, na mbuna wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali imepungua) kama 8. Chukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Kiloweke usiku kucha, kisha ukate kwa msumeno wa chuma, usiguse nyundo. Ukingo usugue mpaka kidole kisikwaruzwe. Mimi niliwahi kuharakisha, nikamkuta samaki magamba yamevuliwa mstari mzima ubavuni. Na tafadhali, milango iwe miwili. Pango la mlango mmoja, dume akisimama pale, aliye ndani ndiyo kwisha habari yake.

Meru_Mawe: Mawe ya volkano je? Huku kwetu yamejaa, ni mepesi, na vile vitundu vyake hukaa bakteria wanaosafisha maji.

Fundi_Tangi: Mazuri sana, na mbuna kwao ni watu wa miamba. Ila chagua yasiyo na ncha, na usiokote karibu na gereji, yamenyonya oili. Yapange juu ya kioo kabla ya kumwaga mchanga. Mbuna wanachimba, rundo likikaa juu ya mchanga litaporomoka.

Sakina_Kwetu: Na saruji?

Fundi_Tangi: Inafaa, lakini inatoa chokaa, pH inapaa. Utailoweka wiki kadhaa ukibadilisha maji na kupima mpaka itulie. Huyo jike hana wiki hizo.

MamaNazi_Moshi: Nimekuelewa. Wangu ni neoni tetra, maji laini ndiyo yao, ndiyo maana vifuu havijanisumbua.

Sakina_Kwetu: Mrejesho: nilinunua vyungu viwili sokoni, nikakata kama ulivyosema. Leo asubuhi dume kamfuata jike mpaka mlango wa mbele, jike katokea wa nyuma, akazunguka kuingia chungu cha pili. Amekula chakula mbele yangu, mara ya kwanza wiki hii.