Gumzo la Familia ya Chanika, Jumapili Usiku

Dogo Fundi 20:03
[Video]
Angalieni huyu mwamba. Marekani, mwaka 2004. Fundi wa kuchomelea kama mimi. Walimwonea, akajifungia bandani, akalivisha katapila mabamba ya chuma na zege, kisha akatoka akaubomoa mji. Polisi wanapiga risasi, hazipiti. Na hakuua mtu. Shujaa.

Dada Mwalimu 20:06
Jamani, humu kuna watoto wanashika simu za mama zao.

Dogo Fundi 20:07
Dada, wewe uko Morogoro. Mimi nalala hapa. Mashine ya kiwanda cha tofali cha jirani inaanza saa 11 alfajiri. Mama kifua kinabana. Tumepeleka barua tatu serikali ya mtaa, jibu ni subirini. Tusubiri mpaka tumzike nani?

Shangazi Mbagala 20:10
Ishia hapo hapo, maneno hayo usiyaseme. Ila vumbi ni kweli, mimi shahidi. Juzi nililala kwa kaka. Sufuria niliiacha safi imefunikwa, asubuhi juu ya mfuniko kuna unga wa simenti, nikapitisha kidole ukabaki mstari. Ndicho anachovuta wifi yangu usiku kucha.

Mjomba Denver 20:14
Salaam wote. Huku ni asubuhi, ndiyo natoka zamu ya usiku.

Dogo Fundi 20:14
Shikamoo Mjomba.

Mjomba Denver 20:15
Marahaba mwanangu. Huo mji nimefika. Unaitwa Granby, uko milimani, jimbo la Colorado, kama saa mbili kwa gari kutoka hapa kwangu Denver. Baridi yake usiombe. Mwaka ule ulikuwa na watu kama 1,500 tu. Ngoja niandike vizuri.

Mjomba Denver 20:24
Aliitwa Marvin Heemeyer. Mwaka 1992 alinunua kiwanja mnadani kwa dola 42,000, akafungua gereji ya eksozi. Mwaka 2001 mji ukakubali kiwanda cha zege kijengwe jirani yake. Akapinga, akashindwa. Tena akapigwa faini ya dola 2,500 kwa makosa kadhaa, mojawapo kutounganisha bomba la maji taka. Mpaka hapo naelewa kilichomuuma, na najua kwa nini umemwona kama wewe.

Sasa jambo ambalo video yako haisemi. Mwaka 2003 alikiuza kile kiwanja kwa dola 400,000. Alinunua 42,000, akauza 400,000. Angeweza kuondoka akaanza upya popote. Akabaki bandani akichomelea, kazi iliyomchukua kama mwaka mmoja na nusu kwa jumla.

Shangazi Mbagala 20:26
Laki nne za dola? Subhanallah.

Dogo Fundi 20:27
Hiyo sikuijua. Lakini hakuua mtu, Mjomba.

Mjomba Denver 20:36
Hakuua kwa sababu watu walikimbizwa. Ijumaa ile, tarehe 4 Juni, polisi walikuwa wanatangulia mbele ya katapila wakiwatoa watu, simu za tahadhari zinapigwa majumbani. Ofisi ya sherifu ilisema majengo 11 kati ya 13 aliyoyavamia yalikuwa na watu hadi muda mfupi kabla hajafika. Maktaba ilikuwa jengo moja na ofisi za mji, na ndani yake kulikuwa na watoto. Watoto, mwanangu. Walitolewa kabla hajaubomoa ukuta. Ndani ya lile katapila alikuwa anaangalia nje kwa kamera na skrini, kajifungia kwa chuma. Angejuaje nani yuko nyuma ya ukuta?

Na alifyatulia risasi matangi ya gesi. Jirani na pale wanakaa wazee. Yangelipuka leo tungekuwa tunaongea mengine.

Dada Mwalimu 20:38
Watoto maktaba. Nimesisimka mwili mzima.

Mjomba Denver 20:45
Mwisho katapila lilitumbukia kwenye chumba cha chini cha duka la vifaa vya ujenzi, likanasa. Akajiua humo humo. Polisi walikata chuma mpaka usiku wa manane ndiyo wakamfikia.

Hasara ilikuwa kama dola milioni 7. Kiwanda cha zege, ofisi za mji, gazeti la pale, benki, duka. Nilivyopita barabara yao kubwa, Agate Avenue, nilisimama kununua kahawa nikawa nawatazama tu wale watu. Fikiria wewe ni muuza duka, huna kesi na mtu, kesho yake unapekua kifusi utafute daftari la madeni. Halafu miaka inapita, watu ambao hawajawahi kukanyaga kwenu wanamwita shujaa. Hata katapila lenyewe waliamua kulikatakata na kugawa vyuma kwenye skrepa tofauti tofauti, mtu asije akachukua kipande cha kumbukumbu. Walikuwa wamechoka.

Dogo Fundi 20:49
Nimeifuta, Mjomba. Lakini vumbi bado lipo.

Mjomba Denver 20:50
Lipo, na silipuuzi. Dada yangu ndiye anayekohoa.

Dada Mwalimu 20:54
Tumekosea kubaki mtaani na barua zilezile. Vumbi na kelele tupeleke malalamiko NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Barua mpya naandika mimi usiku huu. Nahitaji picha na saa zake.

Baba 21:02
Nimesoma yote. Nilikuwa najua mwanangu ana hasira, sikujua imefika huku. Siku nyingine njoo barazani uniambie mimi kabla ya kuiambia simu.

Dogo Fundi 21:03
Nisamehe Baba.

Baba 21:05
Yameisha. Yule mwenye kiwanda ana vijana sita wanakula pale, nao wanavuta vumbi hilo hilo bila hata kitambaa puani. Mimi nataka mashine ianze saa 2 asubuhi, na ukuta wa upande wetu uinuliwe. Basi. Alfajiri niamshe, tupige picha ikiwa inawashwa. Jumanne twende wote wawili.

Shangazi Mbagala 21:06
Watatu. Na mimi nakuja, kidole changu ndiyo ushahidi.

Dada Mwalimu 21:08
Cheti cha Mama cha kile kipimo cha kifua kiko wapi? Nataka tarehe.

Mama 21:11
Kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Dogo panda kiti, mimi nikipanda nakohoa.

Dogo Fundi 21:15
Nimekipata Mama. [Picha]