Naomba ushauri: Farasi wangu wa miaka miwili kwenye gemu, kila nikimpiga mazoezi ndiyo anazidi kuwa mzito wa mwendo

Kinyozi wa Kirumba

Wakuu habari za jioni. Najua humu wengi ni watu wa gemu za mpira, ila nimeona nyuzi mbili tatu za hili gemu la kufuga farasi wa mbio, kwa hiyo wajuzi mpo. Nipeni mwongozo kabla sijaharibu.

Nilianza kucheza mwezi wa kwanza. Mnadani nikanunua farasi jike wa miaka miwili kwa sarafu 85,000, yaani karibu zote nilizokuwa nazo. Nikamwita Radi ya Ukerewe. Mama yake alishinda mbio sita za masafa mafupi, baba jina kubwa, ndiyo maana nikafumba macho nikalipa.

Kwa msiocheza: siku moja ya kule ni saa sita za kwetu, kwa hiyo wiki yetu moja ni kama mwezi wao. Mimi nikifunga saluni saa tatu usiku naingia, nampiga shoti ya nguvu, yaani namkimbiza kwa kasi yote, nalala. Ina maana anakimbizwa kila baada ya siku nne za kule. Rekodi zake hizi hapa (farlongi moja ni kama mita 201):

Machi 3, farlongi 3, sekunde 36.8
Machi 7, farlongi 3, sekunde 36.2
Machi 11, farlongi 4, sekunde 48.4
Machi 15, farlongi 4, sekunde 48.0
Machi 19, farlongi 4, sekunde 49.6
Machi 23, farlongi 4, sekunde 51.2

Mnaona wenyewe. Shoti nne za mwanzo alikuwa anapanda vizuri hadi nikaanza kuwatambia wateja. Sasa anarudi nyuma kama daladala iliyoisha klachi. Uzito umetoka kilo 448 hadi 431. Kila nikiingia nakuta ujumbe "Hakumaliza shayiri." Na yule joki (mpanda farasi) wa mazoezi, baada ya shoti ya mwisho, ameandika: "Hakubadilisha mguu baada ya kona." Sijaelewa kabisa.

Mbio yake ya kwanza ni Aprili 12 ya kule, farlongi 5, ada sarafu 3,000, na kujiandikisha mwisho kesho saa nne usiku. Niongeze mazoezi? Nibadilishe chakula? Au nilipigwa mnadani?

Chai ya Rangi

Uza huyo nunua ng'ombe, mkuu. Angalau utapata maziwa.

Farlongi Sita

Hujapigwa. 48.0 kwa farlongi nne ni sekunde 12 kila farlongi, na kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ni kazi nzuri kabisa, kule na hata kwenye viwanja vya ukweli. Damu ipo.

Tatizo lako ni namba ya uchovu ambayo gemu halikuonyeshi. Mpe siku nane za kule bila kazi yoyote, namba ishuke, halafu mwandikishe. Hayo maneno ya joki yasikusumbue, ni mapambo. Mimi sijawahi kuyasoma na nina farasi kumi na mmoja.

Bi Mkubwa wa Zizi

Farlongi Sita, ndiyo maana kumi na mmoja wako hawafiki miaka minne wakiwa wazima 😂

Kinyozi, kabla sijasema neno: fungua ukurasa wake, chini kabisa pale kwenye ukoo. Amezaliwa tarehe ngapi?

Kinyozi wa Kirumba

Mei 24, dada. Hiyo ina shida gani? Si ni miaka miwili?

Bi Mkubwa wa Zizi

Nilijua tu.

Gemu limechukua kanuni ya mbio za ukweli. Marekani na Ulaya, farasi wote wa mbio hutimiza mwaka Januari mosi, awe amezaliwa Januari au Juni. (Australia wao ni Agosti mosi, kwa sababu misimu yao iko kinyume.) Kwa hiyo kwenye karatasi Radi ana miaka miwili. Kwa mwili, Machi hii ana miezi 22. Wenzake wa Januari na Februari atakaokutana nao Aprili wameshatimiza miaka miwili na wana miezi mitatu minne mbele yake. Kwa farasi wa umri huo, miezi minne ni kama mtoto wa darasa la tatu kucheza na wa darasa la sita.

Usidhani nasema hafai. Northern Dancer, farasi wa ukweli wa Kanada, alizaliwa Mei 27, 1961. Alikuwa mfupi, na alipopelekwa mnadani akiwa na mwaka mmoja hakuna aliyelipa bei iliyotakiwa, ikabidi mwenyewe abaki naye. Mei 2, 1964 akashinda Kentucky Derby, mbio za farasi wa miaka mitatu, kwa dakika 2 kamili, rekodi iliyokaa mpaka farasi mwingine, Secretariat, alipoivunja 1973. Hesabu siku zake: alikuwa hata hajatimiza miaka mitatu. Ila angalia na hili, mbio yake ya kwanza kabisa ilikuwa Agosti 1963. Hakuna aliyemkimbiza Aprili.

Farlongi Sita

Sawa, Mei 24 ni hoja, sikuiona. Lakini Northern Dancer hakuwa farasi wa simu.

Saisi Mstaafu

Habari zenu kutoka Nairobi. Sichezi hii gemu, ni kijana wangu anacheza na ndiye amenionyesha huu uzi. Mimi nilikuwa saisi, mtunza farasi, pale uwanja wa mbio wa Ngong, kwa hiyo nitaongea ninachokijua.

Joki wako amekwambia kitu kikubwa na wewe umeuliza shayiri. Farasi akienda shoti, mguu mmoja wa mbele hutangulia mwenzake. Kwenye kona ya kushoto anatanguliza wa kushoto, ndiyo apinde bila kujikwaa. Akitoka kwenye kona anatakiwa kuhamia wa kulia, maana ule wa kushoto umefanya kazi kona nzima. Ni kama wewe umebeba ndoo ya maji, mkono ukichoka unahamisha. Sasa mtu akikataa kuhamisha ndoo na mkono umechoka, utajiuliza huo mkono mwingine una nini.

Kwa mtoto wa miaka miwili kitu cha kwanza mimi hushuku ni ugoko, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Unaingia zizini saa kumi na moja asubuhi, kabla hajatoka, mguu ukiwa baridi. Unachuchumaa pembeni, si mbele yake, unateremsha kiganja polepole kutoka gotini hadi juu ya kifundo. Mguu mmoja, halafu mwingine, ulinganishe. Ukisikia sehemu moja ina joto kuliko mwenzake, au ukibonyeza na dole gumba akauvuta mguu, siku hiyo hatoki. Hata mwenye farasi akija na wageni wake hatoki.

Sijui kama simu yako ina mahali pa kupapasa.

Kinyozi wa Kirumba

Mzee shikamoo, nimecheka kwa sauti hadi mteja akashtuka na wembe uko shingoni. Mahali pa kupapasa pana! Kuna kitufe cha "kagua miguu", sarafu 200. Nilikuwa naona ni njia ya kutukamua tu. Nakagua sasa hivi.

...

"Mguu wa kulia wa mbele: joto kidogo."

Bi Mkubwa wa Zizi

Haya. Wa kulia. Ndiyo maana hakutaka kuhamia wa kulia. Farlongi Sita, mapambo hayo?

Farlongi Sita

Nimenyamaza.

Chai ya Rangi

Uzi umekuwa wa afya ghafla. Niendelee kukaa?

Bin Juma Muscat

Assalaam alaykum. Yakhe Kinyozi, miye nipo Oman, na kazi yangu ni farasi, wa Kiarabu zaidi. Hawa wetu hawakimbizwi wakiwa na miaka miwili, kwa kawaida huanza na mitatu au minne. Kwa hiyo ninyi mnaoharakisha nawatazama tu.

Nina moja la kuongeza. Umeandika hakumaliza shayiri ukalipita, kama jambo dogo. Kwetu ndoo ya chakula ndiyo barua ya kwanza. Farasi hasemi "nimechoka", anabakisha. Akibakisha siku moja, pengine joto. Siku ya pili hivyo hivyo, unapunguza kazi na unapunguza nafaka, unamzidishia nyasi kavu na maji, unamtembeza kwa mkono. Kosa la vijana ni kumwongezea nafaka ili apate nguvu. Farasi asiyefanya kazi ukimjaza nafaka utamtia maradhi ya tumbo, na tumbo la farasi halina mzaha, hana hata uwezo wa kutapika.

Kilo 17 kwa siku ishirini ni nyingi. Mimi ningesimama kwenye 440.

Farlongi Sita

Kwa hiyo mnasema afungiwe hadi Agosti? Miezi mitano ya kule ni zaidi ya wiki tano zetu. Atakula sarafu bila kuingiza kitu, na Kinyozi kasema ameshamaliza akiba. Nyinyi mnashauri kama mna pesa za mwarabu. (Bin Juma nisamehe.)

Bin Juma Muscat

Umesamehewa. Pesa mwarabu anazo, mimi nina mshahara.

Saisi Mstaafu

Hakuna aliyesema afungiwe. Hapo ndipo watu hukosea kwa upande wa pili. Mfupa si kama tairi kwamba unaisha kadiri unavyotumika. Unajijenga kulingana na kazi uliyoupa. Hata madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilichunguza hili jambo la ugoko, wakaona mtoto anayepewa shoti fupi fupi za kasi mapema, kidogo kidogo, mfupa wake hukaa imara kuliko yule anayezungushwa masafa marefu kwa mwendo wa wastani. Kwa hiyo joto likiisha arudi kazini. Lakini aanze na farlongi moja, si nne.

Ulichokosea, kijana, si kumkimbiza. Umemkimbiza nne kamili kila baada ya siku nne na katikati hakufanya kitu. Farasi wa ukweli hupewa shoti ya kupimwa kwa saa mara moja kwa wiki hivi, na siku nyingine anatoka kwa mwendo mdogo.

Bi Mkubwa wa Zizi

Mzee amenimalizia. Basi kwa lugha ya gemu, Kinyozi, fanya hivi. Usimwandikishe kesho, hiyo 3,000 iache mfukoni. Siku kumi na nne za kule, kutembea kwa mkono tu, halafu lipa 200 ukague tena. Ukisoma "baridi", mpe mwendo wa matiti (ule wa kukimbia polepole) na mwendo wa kati kila siku kwa wiki mbili. Hapa ndipo utasumbuka, maana ukiingia mara moja usiku unakuwa umeruka siku tatu. Tumia ile ratiba ya kujiendesha, iko kwenye picha ya kalenda, watu wengi hawaijui. Ukifika Mei anza farlongi moja ya kasi kila siku ya saba, Juni mbili, Julai tatu. Nne asizione tena mpaka uzito urudi 445.

Sarafu za kula: kodisha lile zizi lako la pili. Najua unalo, kila mtu huanza na mawili.

Kinyozi wa Kirumba

Dada nilikuwa nimeweka farasi mzee humo ananilia bure. Namtoa kesho. Ahsanteni sana wakuu, sijaandikisha. Dirisha la kujiandikisha limefungwa na roho imeniuma, nisiwafiche.

*(wiki tano na nusu baadaye)*

Kinyozi wa Kirumba

Wakuu narudisha mrejesho, sipendi uzi unaoachwa hewani.

Joto lilichukua siku kumi na nane kuisha, si kumi na nne. Nikafuata mpangilio, isipokuwa Juni nilishindwa kujizuia nikampa farlongi tatu badala ya mbili, akabakisha chakula, nikakumbuka ndoo ya Bin Juma nikamrudisha kutembea siku tano. Uzito ulifika 451.

Jana, Agosti 20 ya kule, nimemkimbiza mara ya kwanza. Farlongi 6, farasi tisa. Getini alichelewa kutoka, nikaona siku yangu imeharibika. Wa saba kwenye kona. Nikaweka simu chini, nikamalizia kumnyoa mtoto wa watu upande mmoja, niliposhika tena walikuwa wameshapita mstari. Wa tatu. Dakika 1 na sekunde 12.4. Sarafu 6,500.

Ila kilichonifanya nipige kelele ni maneno ya joki: "Alibadilisha mguu mwenyewe baada ya kona, bila kuambiwa."

Saisi Mstaafu

Sasa huyo ni farasi. Asubuhi papasa tena, yote miwili.

Kinyozi wa Kirumba

Nimeshapapasa mzee. Baridi yote.

Chai ya Rangi

Naombeni jina la gemu. Ninaulizia rafiki yangu.

Farlongi Sita

Kinyozi, Septemba 14 kuna farlongi 6 na nusu, majike watupu. Mimi nina mmoja wa Februari mle ndani, na nimeanza kusoma mapambo. Mwandikishe tuonane.