Kikundi cha ukoo, Bukoba: Jumapili, 6 Novemba 2022

Koku (Dar): Shikamooni wote. Jamani ni kweli ndege ya asubuhi imeingia ziwani?

Shangazi Agripina (Nyamkazi): Marahaba mwanangu. Ni kweli. Mvua ilikuwa inanyesha, wingu limelala juu ya maji. Nimefika ufukweni naona mkia tu, mwili wote uko chini. Wavuvi ndio walitangulia na mitumbwi yao.

Koku (Dar): Yesu wangu. Wanasema walikuwamo watu 43.

Baba Mdogo Deus: Rubani kalazimisha kutua. Hali ya hewa mbaya namna ile, kwa nini asigeuze aende Mwanza?

Edo: Mimi nimesikia mafuta yalimwishia, maana alizunguka sana.

Mama Koku: Tatizo ni uwanja, mfupi mno. Mimi huwa nashika rozari mpaka magurudumu yaguse lami.

Mugisha (fundi wa ndege, Dar): Shikamoo mama mkubwa. Hii imeanguka kabla ya kuufikia uwanja, haikupitiliza. Ufupi wa uwanja hauingii hapo.

Mugisha: Na baba mdogo, naomba tusimhukumu rubani. Januari 2008 Boeing 777 ya British Airways ilitoka Beijing, imebakiza kidogo itue uwanja wa Heathrow, London, rubani anaomba nguvu, injini zote mbili hazimjibu. Ikabwagika kwenye majani kabla ya lami. Watu 152, wote wakapona. Siku ile ile tetesi zikaanza: mafuta yameisha, ndege wameingia kwenye injini, mitambo ya msafara wa waziri mkuu wa Uingereza imevuruga mawasiliano. Kapteni naye akazushiwa kwamba aliganda, hakufanya kitu. Kumbe ni barafu! Maji kidogo yaliyomo kwenye mafuta yaliganda njiani, barafu ikashikamana ndani ya mabomba, ikabanduka kwa pamoja na kuziba mafuta yasipite. Ripoti ya mwisho imetoka 2010. Miaka miwili yule baba anasemwa.

Baba Mdogo Deus: Sawa mwanangu, nimekuelewa. Ila watu wamekufa. Tunyamaze?

Mugisha: Hapana baba, tuulize tulichokiona kwa macho. Uwanja uko kando ya ziwa miaka yote. Boti ya uokoaji iko wapi? Wazamiaji wako wapi?

Shangazi Agripina: Hapo umesema kweli. Mimi nimeona kamba. Kamba ya kawaida, wanaume wamejipanga majini mpaka kifuani wanavuta ndege kwa mikono, wanahesabu moja, mbili, tatu. Viganja vimechubuka. Kijana mvuvi, Majaliwa, wanasema ndiye aliyefungua mlango wa nyuma kwa kasia, watu wakatoka. Sasa naye yuko hospitali.

Edo: Waziri Mkuu ametangaza. Marehemu 19.

Mama Koku: Ee Mungu.

Koku (Dar): 😭😭

Baba Mdogo Deus: Poleni ukoo mzima. Nilichosema kuhusu rubani nakirudisha, na yeye ana mama yake.

Mugisha: Asante baba mdogo.

Mama Koku: Agripina, kesho kuna kuaga marehemu uwanja wa mpira wa Kaitaba. Tupitiane saa ngapi?

Shangazi Agripina: Njoo mapema, dada. Uje na khanga mbili, kuna mama hapa jirani tangu asubuhi amekaa na nguo zilizolowa, anamsubiri mwanawe, hataki kuingia ndani.